Fundi aliyekunja kranki, kisha akanyamaza

Ni saa mbili na robo asubuhi. Jua la Kiembeni limeshapata moto juu ya mabati, na Jefwa Kai anapima nafasi ileile kwa mara ya nne.

Mbele yake baiskeli ya milimani imening'inizwa kwa kiti kwenye boriti ya banda lake. Mkononi ana rula ya chuma yenye taya mbili, ya kupimia vitu vyembamba. Anaiingiza kati ya kranki ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, na bomba la fremu linalokwenda gurudumu la nyuma, anaisoma, anaitoa, anaifuta kwa kitambaa, anaiingiza tena.

"Milimita moja na nusu," anasema.

Mwenye baiskeli, Mueni Mutua, msichana wa miaka ishirini na miwili, anainama na tochi ya simu asome mwenyewe. Neno la fundi halimtoshi. Naye Jefwa hadai limtoshe. Anasogea kando ampishe, macho chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

"Moja na nusu," Mueni anakubali. "Funga."

Ndipo Jefwa anakaza skrubu mbili za kranki, hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, jinsi alivyofundishwa mwezi huu akiwa na miaka hamsini na minne.

Kesho, Jumamosi, Mueni ataendesha dakika ishirini kwenye barabara ya Mwakirunge. Kisanduku kidogo kilichobandikwa kwenye kranki hiyo kitapima nguvu za miguu yake, na namba itakayotoka itatumwa kwa kocha aliyeko bara. Namba hiyo itaamua kama jina lake litasafishwa, maana tangu mwezi wa pili waendesha baiskeli wa Mombasa wanamwita tapeli.

Aliyemtia katika hali hiyo ni Jefwa. Na Jefwa ndiye aliyeomba habari hii iandikwe.

"Weka jina langu lote," anasema. "Jefwa Kai, fundi wa Kiembeni. Usilifiche. La mtoto wa watu lilitajwa, hakuna aliyelificha."

Jefwa alizaliwa Kaloleni. Darasa aliliacha akiwa la nne, na alipotimiza miaka kumi na tisa akashuka Kisauni kutafuta kibarua. Alianza na machimbo ya mawe Mwakirunge. Kifua kilipomsumbua kwa vumbi, akahamia kazi ambayo mikono yake ilikuwa imeshaizoea: kutengeneza baiskeli za wauza maji.

Miaka ishirini na minane ameketi kwenye banda hilohilo. Siku njema alikuwa akipokea baiskeli nane au tisa, akirudi nyumbani na shilingi elfu moja na mia mbili. Kwa pesa hizo yeye na mkewe Ruth wamesomesha watoto wanne, na wa kwanza, Kai, sasa ni mwalimu Kilifi.

Kazi ya baiskeli za maji ina ujuzi wake. Mtu anapakia mitungi sita ya lita ishirini nyuma, kila siku, kwenye barabara za mashimo. Vyuma vya nyuma hutanuka. Vikitanuka, kranki huanza kukwaruza fremu, kwaru, kwaru, kila inapozunguka.

Kranki mpya ni gharama. Kwa hiyo fundi huivua ile ya zamani, akaibana kwenye jiriwa, akaivika kipande cha bomba la maji chenye urefu wa mita moja, akavuta. Kranki inakunjika nje kiasi cha unene wa ukucha. Mwenye baiskeli anaondoka bila kelele.

"Nimekunja kranki labda mia tatu," anasema Jefwa. "Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Nilijiona bingwa wa jambo hilo. Hata wenzangu wa Bamburi walikuwa wakiniletea zao."

Anasema hayo bila kujivuna. Anayasema kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

Mueni alikulia Mwakirunge, ambako baba yake, Mzee Mutua, alihamia kutoka Makueni kufanya kazi ya kukata mawe. Kabla ya mambo haya alikuwa akisambaza mikate madukani kwa baiskeli, kuanzia Kiembeni hadi Utange. Miguu yake ilipata nguvu kwenye kazi hiyo. Akaanza kuingia mashindano ya mtaani, akawaacha nyuma wasichana, halafu na baadhi ya wavulana.

Mwaka jana Mjerumani mmoja wa Mtwapa, mpenda baiskeli, alipokuwa akihama alimpa zawadi: jozi ya kranki za baiskeli ya barabarani, na kwenye ile ya kushoto kulikuwa na kipima nguvu. Ni kisanduku kisichozidi kiberiti. Hupima jinsi mguu unavyosukuma, kikapeleka hesabu kwenye simu kwa wati, kipimo cha nguvu. Kwa kuwa kiko mguu mmoja tu, huchukua nguvu za mguu wa kushoto na kuzizidisha mara mbili.

Zawadi hiyo ilifika wakati wake. Kambi moja ya mbio za baiskeli huko bara, ambayo gazeti hili limekubali kutoitaja, ilikuwa ikitafuta wasichana wanne. Kila anayeomba alitakiwa kutuma namba zake za wiki sita. Wasichana wa Nairobi na Eldoret walikuwa na vipima. Mueni alikuwa na baiskeli ya milimani, na sasa alikuwa na kranki za barabarani ndani ya mfuko wa mikate.

Akampelekea mtu aliyemwamini. Mueni na familia ya Jefwa husali kanisa moja, na tangu utotoni alikuwa akimwita Jefwa kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, Baba Kai. Hizi unazijua?"

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli ni baiskeli," Jefwa alimjibu. "Njoo saa kumi."

Hakuwa akizijua. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza na Kijerumani. Aliikunjua mbele ya Mueni, akaitazama juu hadi chini kama anayesoma, akaikunja.

"Kusema sijui ndiko kulikonishinda," anakumbuka. "Maneno mawili tu. Ningeyasema, tusingekuwa hapa."

Kazi yenyewe haikuanza vibaya. Kranki za barabarani hutengenezwa kwa fremu nyembamba, na baiskeli ya milimani ina mabomba ya nyuma yaliyotanuka ili yapishe tairi nene. Gurudumu kubwa la meno hamsini lilikuwa likigusa fremu, akalitoa, akaacha dogo la meno thelathini na manne. Upande wa kulia ukakaa sawa. Cheni ikapita.

Upande wa kushoto ndio uliokataa. Kisanduku kilikuwa upande wa ndani wa kranki, na kila ilipozunguka kilikwaruza bomba la fremu. Kwaru, kwaru. Sauti ambayo Jefwa alikuwa ameisikia miaka ishirini na minane, na dawa yake aliijua.

Akaivua kranki. Akaizungushia kitambaa, akaibana kwenye jiriwa, akavika bomba.

"Niliomba kabla ya kuvuta," anasema. "Nilisema, Ee Bwana, niongoze mikono. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwingiza Mungu kwenye ujinga wangu."

Kranki ilikunjika. Haikukunjika kwa ulaini kama chuma cha blakimamba, zile baiskeli nzito za wauza maji. Ilitoa mlio mwembamba, mkavu, na yeye akausikia. Meno ya jiriwa yalikuwa yamepenya kitambaa na kuacha michubuko miwili. Jefwa akachukua kiwi nyeusi ya viatu, akaipaka michubuko hiyo, akaisugua hadi ikang'aa.

Mwandishi anapomuuliza kama wakati ule alijua amekosea, hajitetei. "Kama sikujua, kiwi ilikuwa ya nini?"

Saa kumi Mueni akaja, akazungusha pedeli kwa mkono, ikazunguka kimya. Alifurahi mpaka akamshika Jefwa mkono kwa mikono yake miwili.

Namba zilizotoka wiki hizo sita zilikuwa za ajabu. Mueni hakuwahi kutumia kipima maishani, hakuwa na cha kulinganisha. Katika dakika ishirini simu ilimwandikia wati mia mbili themanini na saba, naye ni msichana wa kilo hamsini na tatu. Kranki iliyokunjwa ilikuwa imevuta waya laini zilizogandishwa ndani ya kisanduku, nazo zikawa zinasema uongo. Kisha uongo huo ukazidishwa mara mbili.

Kocha wa kambi, Nicanor, alimpigia simu mwenyewe. Njoo, alisema. Njoo upesi.

Mueni aliacha kazi ya mikate, nayo ikapewa mtu mwingine. Kanisa likamwombea safari. Jefwa ndiye aliyembebea baiskeli hadi kwenye basi, na kwa maneno yake mwenyewe, alimwambia utingo mara mbili kwamba baiskeli ile ameifunga yeye.

Kambini, kila mgeni hupimwa kwenye baiskeli iliyofungwa chini, isiyokwenda popote. Siku ya kwanza Mueni alitoa mia mbili kumi na nne. Nicanor akadhani ni uchovu wa safari, akampa siku ya kupumzika. Mara ya pili, mia mbili kumi na sita.

Kocha hakumvuta pembeni. Alimuuliza mbele ya waendesha baiskeli tisa ni nani anayempikia namba. Mueni hakuwa na kosa. Jioni hiyohiyo akapandishwa basi.

Kabla hajafika Mombasa, sauti ya kocha ilikuwa imeshatangulia kwenye kundi la simu la waendesha baiskeli wa Pwani, kundi lenye watu mia moja sabini na watatu. "Yule msichana wa Pwani alitupikia namba," ilisema. "Mkimpokea, mjue mnampokea nani."

Wakamtungia jina: Mama Wati. Alipopita na baiskeli pale stendi ya Bamburi, vijana wa bodaboda ambao hata wati hawaijui walimwitia, "Mama Wati, tupikie na sisi, tuna njaa." Akaacha kutoka na baiskeli.

Jumamosi ya pili akaja bandani, kwa miguu.

Jefwa anaikumbuka siku hiyo kwa kila kitu. Alikuwa akinyoosha spoki. Mueni alisalimia, akaketi kwenye benchi. Kisha akauliza, kwa adabu, bila kumshuku.

"Baba Kai, wakati ule wa kufunga, kuna kitu chochote kilitokea?"

"Mimi nilifunga tu, mwanangu," Jefwa alijibu. "Vitu hivi vya kizungu huharibika vyenyewe."

"Basi ni miguu yangu," Mueni alisema. "Nilijidanganya mwenyewe."

Akaaga, akaenda zake. Jefwa akaendelea kunyoosha spoki. Gurudumu lile, anasema, alilinyoosha mpaka likapinda upya.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya maombi ya jioni, na Jefwa wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, naye ndiye aliyekuwa na zamu ya kuongoza. Mahitaji ya waumini huandikwa kwenye vikaratasi na kusomwa. Mkewe Ruth ndiye aliyesoma. Kikaratasi cha tatu kilikuwa cha Mueni. Aliomba kanisa limwombee Mungu amwonyeshe kosa lake ni lipi, ili alitubu.

Watu waliinamisha vichwa wakamngoja Jefwa aanze.

"Nilifungua mdomo," anasema. "Hakuna kilichotoka. Nilitaka kusema Baba yetu, nikaona hata hilo siwezi. Nikasema amina, nikaketi. Watu wakadhani nimejawa na roho."

Ruth hakudhani hivyo. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimuuliza ana nini, na Jefwa akamwambia yote, kutoka bomba hadi kiwi. Ruth akamwambia aende kwanza akahakikishe kwa mtu anayejua, asije akakiri jambo nusu. "Ukishahakikisha," alisema, "usirudi nyumbani kwangu bila kumwambia yule mtoto."

Jefwa akaenda kwa Mueni kuomba ile kranki, akidai anataka kuitazama tena. Mueni alimpa bila kuuliza. Alisema haina kazi tena.

Anayejua alikuwa ng'ambo ya kisiwa, mtaa wa Chaani, Changamwe. Anaitwa Lynnette, ana miaka ishirini na saba, alizaliwa Nakuru na kujifunza kazi kwenye duka la baiskeli Nairobi kabla ya kuhamia Mombasa na mumewe, mfanyakazi wa bandarini. Hufanyia kazi kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, vifaa vyake vimepangwa ukutani kwa ukubwa.

Lynnette aliilaza kranki juu ya kioo cha meza, akainama, akatazama mwanga unavyopita chini yake. Akaifuta kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi.

"Ai. Nani alifanya hii kitu?" aliuliza. "Huyu ni fundi wa mkokoteni. Ameikunja na bomba, halafu akapaka kiwi. Mwenyewe angeendelea kuendesha, ingemvunjikia mguuni. Unamjua?"

"Namjua," Jefwa alisema. "Ni mimi."

Lynnette anasema alitamani ardhi impasukie, maana mzee mwenye umri wa baba yake alikuwa amesimama mbele yake kofia mkononi. Alimtolea kiti. Jefwa akakataa kuketi. Akauliza swali moja tu: ilitakiwa afanye nini?

Lynnette akaingia ndani, akatoka na washa moja ya chuma, pete nyembamba yenye unene wa milimita moja na nusu. Akamwonyesha inapokaa, kati ya kikombe cha beringi, kile kinachoshika ekseli ya kranki, na fremu, upande wa kushoto. Ikikaa hapo, kranki husogea nje yenyewe. Hakuna kukunja. Hakuna kuvuta.

"Washa," Jefwa anasema, na anaitoa moja mfukoni kuionyesha. "Ninazo kopo zima. Nimezikalia miaka yote."

Kutoka Chaani hakurudi Kiembeni. Alikwenda moja kwa moja Mwakirunge, akafika saa kumi, akamkuta Mzee Mutua ametoka machimboni, anaosha miguu kwenye karai. Mueni alikuwa akianika nguo.

Jefwa aliyasema akiwa amesimama. Alisema alikunja, alificha, na alipoulizwa alidanganya. Akaiweka kranki juu ya kiti.

Mzee Mutua hakuinuka kwenye karai. "Mwanangu amelia wiki mbili humu ndani," alisema. "Wewe ulikuwa ukijua."

"Nilikuwa nikijua."

"Na Jumapili ulitupitishia sahani ya sadaka."

Hata leo, Jefwa akilisimulia hilo, anageuza uso upande wa barabara.

Mueni aliingia ndani. Jefwa alidhani amekwenda kulia, lakini alitoka na simu, akaifungua mahali pa kurekodi sauti, akaishika mbele ya mdomo wa fundi.

"Sema hapa," alisema. "Jina lako, kazi yako, na ulichofanya. Useme na ile siku nilipokuja kukuuliza."

Ilichukua sekunde hamsini na moja. Sauti hiyo bado iko kwenye kundi la waendesha baiskeli, na ukiisikiliza utasikia maji ya karai yakimwagwa katikati. Inaanza, "Mimi Jefwa Kai wa Kiembeni," na mwisho wake si msamaha. Mwisho wake ni, "Msichana hakupika kitu. Nilipika mimi." Mueni akaituma kwa watu wote mia moja sabini na watatu, kisha akaituma kwa Nicanor.

Tangu siku hiyo hamwiti Jefwa kwa jina la mwanawe. Humwita fundi.

Banda nalo limepungua. Sasa baiskeli tatu kwa siku ni nyingi. Wauza maji hawajamkimbia, kwao kranki iliyokunjwa ni kranki nzima, lakini wenye baiskeli nzurinzuri hupita bila kusimama. Kanisani alijiuzulu uzee kabla hajaambiwa. Mchungaji alimtaka angoje kikao, yeye akasema hawezi kuingia kikao kuzungumza habari za wengine.

Nicanor alikaa siku tatu ndipo akajibu. Aliandika kwamba nafasi ya Mueni imeshachukuliwa, lakini msichana mmoja ameumia goti na huenda akaondoka. Kama Mueni atatoa wati mia mbili ishirini na tano kwa dakika ishirini, kwa kipima kizima, kilichofungwa na mtu wa kuaminika, atamfikiria. Akaweka mstari wa mwisho peke yake: asiwe fundi yuleyule.

Lynnette ndiye aliyelipindua hilo. Alisema atamwazima Mueni kranki ya kushoto yenye kipima kutoka kwenye baiskeli yake mwenyewe, maana ni ya aina moja na ile iliyoharibika. Lakini atakayeifunga ni Jefwa, naye ataikagua. Alimpigia kocha simu akamwambia hivyo, na kocha akaridhia. Mueni alifikiri usiku kucha, akakubali kwa sharti la kuona kila kipimo kwa macho yake.

Kabla ya hapo Jefwa alikuwa ameanza kwenda Chaani kila Jumanne na Alhamisi, mchana. Huketi kwenye kigoda barazani kwa Lynnette, na daftari la mistari la watoto wa shule. Huandika polepole, kwa herufi kubwa: kikombe cha kushoto, washa moja, grisi kwanza. Lynnette humwita "mzee wangu" na humrudisha nyuma akikosea. Wapita njia husimama kutazama. Siku ya kwanza, anasema, alitokwa na jasho mpaka kalamu ikamteleza.

"Nikikosea nione haya, hiyo ni sawa," anasema. "Haya ya kuuliza, hiyo ndiyo niliyokuwa nayo zamani. Haikuwa haya. Ilikuwa kiburi kimevaa nguo za haya."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Mwakirunge ina malori machache tu. Lynnette amekuja na kifaa chake. Anakagua skrubu mbili za kranki, anapitisha rula, anatikisa kichwa kukubali. Anampiga Jefwa bega kidogo.

Mueni anasimamisha kranki ya kushoto ielekee chini wima, bila mguu juu yake. Simu inakiambia kipima: hapa ndipo sifuri. Jambo hilo dogo la nusu dakika Jefwa hakulijua kabisa mara ya kwanza. Sasa anasimama mbali kidogo, karibu na ua wa mtu, akiwa ameivua kofia. Midomo yake inacheza, kama ya mtu anayeomba.

Mueni anaondoka. Kwenda na kurudi, mara tatu, kocha akitazama namba zinavyokuja kwenye simu yake huko bara. Mzee Mutua amesimama upande wa pili wa barabara, na kila binti yake anapopita anasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia, "Sukuma, mama. Sukuma."

Dakika ishirini zinapokwisha Mueni anashuka, anaegemea usukani, anahema. Lynnette anashika simu amsomee, lakini Mueni anaichukua asome mwenyewe.

"Mia mbili ishirini na mbili," anasema.

Zimepungua tatu. Jefwa ameshika ua kwa mkono mmoja. Kisha simu inalia, na ni Nicanor. Mueni anaweka sauti wazi, wote wasikie.

"Hizo ni zako?" kocha anauliza.

"Ni zangu."

Kisha kocha anasema yule wa goti hataondoka tena, kwa hiyo sasa hana nafasi. Anasema mwezi wa nane kuna majaribio mengine, na jina la Mueni ameshaliandika la kwanza. Anasema pia kwamba alimkosea kumsema mbele ya watu, na kwamba atalisema hilo kwenye kundi leo, kwa sauti yake. Kabla ya saa mbili sauti hiyo imefika. Watu kumi na wanne wanamwandikia Mueni pole. Aliyetunga jina la Mama Wati hajaandika.

Mueni hacheki wala halii. Anakunywa maji, anamwagia kichwani yaliyobaki, anaisukuma baiskeli hadi alipo Jefwa na kumkabidhi ili kranki itolewe irudi Chaani.

"Uitoe taratibu, fundi," anamwambia. "Si yetu."

Anaondoka na baba yake kwa miguu. Jefwa anabaki ameishika baiskeli kwa mikono miwili, kana kwamba ina usingizi.

Mwandishi anamuuliza sasa anatarajia nini. Msamaha hauombi, anasema. Ataupata au hataupata, na hilo ni kati ya Mueni na Mungu. Anataka kuendelea na masomo ya Chaani mpaka amalize daftari la pili. Anataka kupata kranki nzima yenye kipima kabla ya mwezi wa nane, na Lynnette ameahidi kumsaidia kuitafuta.

Lakini kubwa ni jingine. Anataka kupanda basi na Mueni hadi kambini. Wale waendesha baiskeli tisa waliosikia msichana akiitwa mwongo hawamo kwenye kundi la simu la Pwani. Sauti yake haikuwafikia. Anataka kusimama mbele yao, wamwone uso, awaambie.

Je, Mueni amekubali?

Jefwa anaitazama mikono yake, ina grisi hadi kwenye viwiko.

"Sijamwambia bado," anasema. "Naona haya. Labda atasoma hapa."